Mahali na Mahari

Kuna silabi moja inayopita redioni kila siku ambayo ni yangu. Ni fupi kuliko kikohozi. Ukiwa jikoni unamenya viazi, itapita kabla hujageuza kiazi mkononi. Lakini mimi huisikia popote nilipo: kwenye duka la dawa za mifugo hapa Ishiara, kwa kinyozi Embu mjini, na siku moja Meru, ikitoka kwenye simu ya askari aliyekuwa anasinzia mlangoni mwa benki. Hunijia kama mtu anayeniita kwa jina la utotoni kutoka ng'ambo ya mto. Mimi husimama kidogo. Kisha huendelea na shughuli zangu mgongo ukiwa umenyooka zaidi, kwa kuwa pale hakuna mwingine anayejua kwamba aliyesema vile ni mimi.

Silabi yenyewe ni "li".

Ili ieleweke, lazima nianze na studio. Mimi ni mtoto wa Mbeere, wa huku chini kwenye joto, na hakuna aliyenishika mkono. Diploma yangu ya ufundi wa sauti niliipata Mombasa kwa karo niliyojilipia mwenyewe, nikibeba spika za watu kwenye harusi. Baada ya hapo nilikwenda nchi za Ghuba, nikawa fundi wa sauti kwenye mahoteli ambako hata lifti huimba. Wenzangu wengine walirudi na magari. Mimi nilirudi na maikrofoni moja niliyoiviringisha kwenye sweta zangu zote, nikaipakata ndegeni kama mtoto mchanga. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu ni kweli, na kweli ikisemwa sawasawa husikika kama sifa.

Mafundi wa mjini hubandika trei za mayai ukutani wakaita hiyo studio. Mimi nilijaza magunia maganda makavu ya ndengu, nikayapanga kutoka sakafu hadi dari. Sijaona mwingine aliyefanya hivyo. Ukiingia mle ndani, mji wote unazimika. Husikii pikipiki wala mbuzi, unasikia damu yako masikioni na harufu ya shamba baada ya mavuno. Mtu akiimba humo, sauti yake hutua polepole kama mvua kwenye mchanga. Nimekaa humo alasiri nyingi bila kurekodi chochote, nikiusikiliza ukimya nilioujenga.

Jumapili baada ya kanisa, jua likiwa limeuelemea mji hata mbwa wamejilaza katikati ya barabara, watu watatu walikuwa wakija kwangu. Mmoja ni msusi mwenye saluni mkabala na studio, Mmbeere kama mimi, mwenye ulimi wa wembe. Wa pili ni dereva wa pikapu kutoka Maua, Mwislamu, tuliyemwita Sheikh ingawa mwenyewe alisema bado hajafika huko. Alikuwa akingoja mzigo wa ndengu wa Jumatatu, na akingoja alitafuna muguka, yale majani ya kwetu Mbeere yanayoshindana na miraa ya kwao Maua.

"Mtu wa Maua kutafuna muguka," msusi alimwambia kila mara, "ni kama mwenye ng'ombe kununua maziwa ya pakiti."

"Dada, miraa ni ya biashara. Mtu hali biashara yake."

Wa tatu ni mwanamume wa Ruiri, upande wa Meru, aliyekuja Ishiara kupima ndengu kwenye ghala. Sauti yake ilikuwa nzito na pana, imekomaa kwa kuita uzito wa magunia juu ya kelele za malori. Alikuwa rapa. Alizungumza kidogo, akasikiliza sana, na baada ya muda mrefu alisema mstari mmoja ambao sisi wengine tulibaki tukiutafuna hadi Jumapili nyingine.

Mazungumzo yetu yalikuwa ya rapa tu: nani mkali, nani amekwisha, nani amejiuza.

"Nitajie mmoja," msusi aliniambia, "mmoja tu, aliyeanza kuimba matangazo na bado ako na mistari."

"Yule wa miwani," nikasema.

"Yule wa miwani! Injinia, unaongea kama mtu amekula githeri imelala. Huyo alianza na wimbo wa maji kukatwa mtaani, mimi nikalia. Leo anaimba sabuni. Povu, povu, povu. Hiyo ni mistari?"

"Povu inalipia watoto wake shule."

"Hata mimi nalipa shule na sijawahi kuimba povu."

"Lakini ukisikiza vizuri," Sheikh akasema akiwa amefumba macho, "ile povu imekaa kwa biti."

Rapa wa msusi alikuwa mkongwe mmoja aliyekataa kila tangazo maishani mwake.

"Na sasa anafuga kuku," nikamkumbusha.

"Anafuga kwa heshima."

"Kuku hawali heshima, madam. Kuku wanakula chakula ya kuku."

Mimi msimamo wangu haukuwahi kuyumba. Kitu kizuri kisicholipwa hufa, nimekiona kikifa. Ghuba niliwafanyia kazi waimbaji ambao wangetikisa mawe, wakaishia kuendesha teksi. Nilisema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili msusi alinirushia kitambaa.

Sasa, huyu wa Ruiri alikuwa na mpenzi. Alikuwa msichana wa Kianjokoma, kule juu kwenye majani chai na baridi, aliyekuwa akishuka Ishiara kununua ndengu za kibanda cha mama yake. Walipendana juu ya mizani. Alipokwenda mara ya kwanza kumwamkia baba wa msichana, Kimeru chake na Kiembu cha mzee havikukutana vizuri, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, na hapo ndipo kila kitu kilipoanzia.

Watu wa kwetu, kuanzia Mbeere hadi Meru, tuna ulimi usioitaka "l". Tunarara, tunakura, tunapiga kura, na mgeni asijue lini tumelala, lini tumeshiba na lini tumechagua mbunge. Mzee alimtazama sana, akanywa chai, kisha akauliza:

"Kijana, una mahari?"

Yeye akafikiria kipande cha shamba alichoachiwa huko Ruiri na marehemu baba yake, penye mti mmoja na nyasi za ng'ombe. Akajibu, "Ndio, baba. Niko nayo."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema aje na wazee wake baada ya mvua fupi.

Rapa wetu alituhadithia jambo hili Jumapili iliyofuata kwa furaha yake ya kimya. Msusi akapiga makofi mara moja, kama mtu anayeua mbu.

"Amekuuliza mahari na ukasema uko nayo?"

"Aliniuliza mahari. Mahari ya kukaa."

"Weee! Baba wa msichana atakuuliza mahali kwa nini? Yeye ni mpima mashamba? Amekuuliza mali ya bibi arusi, na umesema iko tayari. Umeahidi, kaka. Mvua fupi ikiisha wanakungoja na mbuzi."

Nakumbuka uso wake. Ulizimika polepole, kama chumba ambacho pazia linafungwa. Mbuzi hakuwa nao. Alikuwa na mizani isiyo yake.

Juma zima hatukumwona. Aliporudi hakusalimia mtu, aliingia moja kwa moja kati ya magunia, akaniambia, "Injinia, washa." Alikuwa na maneno kichwani, hajaandika popote:

Nimetoka Ruiri natafuta mahari,
ya kuketi nikichoka, nisahau safari.
Mzee ameketi, asema, una mahari?
Nikasema niko nayo, kumbe nina safari.

Nimerekodi watu wenye majina makubwa kwenye mahoteli yenye sakafu za marumaru. Hakuna siku nywele za mikono yangu zilisimama vile.

Kisha ugomvi ukaanza. Msusi alisema ni wimbo wa mahari, wa maskini aliyenyimwa kupenda. Sheikh alisema ni wimbo wa mahali, na kwamba mtu aliyelala kwenye pikapu maisha yake yote anajua kukosa mahali kunaumaje. Mimi nilisema ni vyote viwili, na kwamba uzuri wake uko hapo. Walibishana mpaka ndengu za mwaka ule zikaisha sokoni. Mwenye wimbo alipoulizwa alisema, "Mimi nimesema tu. Nyinyi ndio mmesikia."

Mimi ndiye niliyeuweka mtandaoni. Ulizunguka. Watu wa Embu waliubishania, watu wa Meru wakaubishania, na mahakama ya saluni ya msusi ilikaa kila siku. Ndipo kampuni moja ya Nairobi inayouza ploti za kujengea ikanipigia simu, kwa kuwa meneja nilikuwa mimi. Walitaka mistari miwili ya mwanzo kwa tangazo la redio. Malipo yalikuwa mazuri, yangetosha mbuzi, asali, blanketi na heshima. Sharti lilikuwa moja. Mama wa kwenye simu alisema kwa upole, "Tungependa aseme mahali. Mahali ya kuketi. Hatuuzi mahari."

Nilikaa na simu mkononi nikalitazama jambo hilo jinsi lilivyojikunja. Ili mtu huyu apate mahari, ilibidi aitoe mahari kwenye wimbo.

Msusi alikasirika hata akaacha kichwa cha mteja nusu.

"Wanauza ploti kwa kilio cha mtu! Na ukisema mahali, safari itaimba na nani? Mahari, safari. Mahali, safari. Sikia! Umevunja mguu wa wimbo."

"Madam, mvua imekaribia kuisha."

"Akatae. Aende kwa mzee aseme ukweli."

"Aseme nini? Baba, nilidhani unauliza ploti?" Sheikh alitema mate kando. "Dada, hiyo siku watamrudisha Ruiri kwa miguu."

Mwenye wimbo alikuwa ameketi juu ya gunia. Akasema, "Wimbo nitatunga mwingine. Yeye siwezi kumtunga mwingine." Msusi akageukia mlango, akatafuta kitambaa chake, na kwa mara ya kwanza hakukirusha.

Tukaingia kurekodi. Hapo ndipo nilipoitoa elimu yangu mfukoni. Ile "l" mimi niliitafuta kama watu wanavyotafuta maji. Chuoni Mombasa walinicheka hadi nikawa nalala nayo mdomoni, na Ghuba nilikaa chumba kimoja na Wazanzibari walionisahihisha hata nikiota. Leo nikisema lori la mlolongo la Lamu, hutajua kama nilizaliwa Mbeere.

"Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu," nikamwambia. "Uuache ulale hapo. Sema la."

"La."

"Sasa mahali."

"Mahali."

"Umeona? Sasa na biti."

Biti ikaanza, na ulimi wake ukakimbilia nyumbani. "Natafuta mahari..."

"Ulimi ulale!"

"Umerara, Injinia, naapa umerara!"

Sheikh alicheka mpaka muguka ukamwingia puani. Tulijaribu alasiri nzima. Akisema polepole aliweza. Akifuata mdundo, damu ya Ruiri ilikuwa na nguvu kuliko masomo. Kila aliposhinda "l" alipoteza wimbo, akasikika kama mtoto anayesoma ubao. Alikaa chini, jasho likimtiririka, akasema taratibu, "Basi. Haikuwa yangu."

Wengine walipotoka kupunga upepo nilibaki peke yangu na ule ukimya wangu wa maganda ya ndengu. Mwanga wa jioni ulipenya tundu la ufunguo ukasimama hewani kama uzi. Nikasogea kwenye maikrofoni yangu, ile niliyoipakata kutoka Ghuba, nikasema: "li". Nikasema tena, nikiifuata pumzi yake, nikiwa kama mtu anayetembea juu ya nyayo za mwenzake. Nikaishusha sauti yangu mpaka ikawa nzito kama yake. Kisha nikaikata "ri" yake, nikaibandika "li" yangu, nikafuta mshono. Nikabonyeza.

"...natafuta mahali."

Ilikuwa sauti ya mtu wa Ruiri na ulimi wangu ndani yake. Mimi niliyechekwa nikakaa pale gizani, nikaisikiliza tena na tena, na ilikuwa kama kusikia mlango wa nyumba niliyoijenga ukifunguka kwa urahisi.

Niliwaita. Sikuwaficha, kazi kama ile haifichwi. Mwenye wimbo alisikiliza hadi mwisho, akanitazama, akasema, "Kwa hivyo tutaenda wawili kwa redio."

"Ni yenu nyote, na si ya mtu yeyote," msusi akasema. Lakini alikuwa akitabasamu upande mmoja.

Tangazo likatoka, malipo yakaingia, na mvua fupi ikaisha. Tulipanda Kianjokoma na pikapu ya Sheikh, mbuzi na mitungi ya asali nyuma, msusi katikati akiwa amevaa kitenge kipya, wajomba wa bwana arusi waliotoka Ruiri wakitufuata. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya majani chai mpaka hatukuona tofauti ya shamba na wingu. Sisi watu wa joto tuliutazama kwa kinywa wazi. Sauti huko juu husafiri tofauti, zimelowa, hazina mwangwi. Nikawaza kwamba siku moja nitakuja kurekodi ukungu.

Wazee walizungumza na wazee, na vitu vikapokewa. Baada ya chakula, baba wa msichana, mfupi mwenye kofia ya sufu, alimwita mkwe wake mbele.

"Nimesikia wewe kwa redio."

"Ndio, baba."

"Nani amekufundisha kuongea kama mtu wa pwani?"

Niliinuka kidogo kwenye kiti ili nionekane. Hakuna aliyenitazama.

"Hebu imba. Bila redio."

Aliimba. Hapakuwa na biti, palikuwa na mvuke wa chai na kuku mmoja uani. Aliimba mistari yote minne kwa ulimi wake, mahari na safari zikikutana kila zilipotakiwa kukutana. Alipofika kwa "Mzee ameketi" alitazama chini. Wanawake jikoni waliacha vyombo. Ukungu ulikuwa umeingia hadi kizingitini, kama nao umekuja kusikiliza.

Mzee akaiweka kofia yake sawa. Kisha akasema, "Huyu mzee wa wimbo ni mimi?"

"Ni wewe, baba. Unisamehe. Siku ile nilifikiri unaniuliza mahari ya kukaa. Kumbe ulikuwa unauliza mahari."

Mzee alimkazia macho, kisha kofia ikaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika goti.

"Wewe! Mimi nikuulize mahari siku ya kwanza? Mimi baba? Hiyo ni maneno ya wazee, baba haitamki. Nilikuuliza mahari! Mahari ya kukaa! Kama uko na mahari ya kuweka msichana yangu!"

Watu wote wakamgeukia msusi. Msusi akatazama dari.

"Na ulijibu uko nayo," mzee akamalizia, akifuta macho. "Nikasema huyu ako na mahari, aje."

"Kwa hivyo hizi mbuzi..." Sheikh akaanza.

"Mbuzi zimefika," mzee akasema haraka. "Mbuzi hairudi."

Tuliteremka jioni, ukungu ukitusindikiza hadi penye joto. Mwishowe msusi, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia tena, akamuuliza, "Sasa umeuza wimbo bure?"

"Sikuuza," akasema, akiwa na kichwa dirishani. "Nilipangisha tu. Kama nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba bado ni mimi."

Hoja ile haijaisha na nadhani haitaisha. Msusi bado anamsifu mkongwe wake wa kuku, mimi bado namtetea yule wa povu, na Jumapili huwa tunakaa watano, kwa kuwa mke wa rapa amehamia huku mpaka watakapojenga Ruiri, penye mti ule mmoja. Yeye husema mume wake ndiye mkali kuliko wote na hataki ubishi.

Siku za soko tangazo hupita kwenye spika ya duka la mbegu. Wapimaji ndengu, wachuuzi na akina mama wenye maembe hulifuata kwa sauti, na wakifika pale hupaza kwa makusudi, mji mzima, wakicheka: "Maha-RI!" Silabi yangu hufunikwa kabisa. Anayepita haisikii.

Mimi huisikia. Iko chini yao wote, nyembamba, safi, imekaa mahali pake. Nami hunyoosha mgongo, nikafungua studio, nikaingia kwenye ukimya.